Kwaheri Niliyoitoa Mapema

Kwetu Ujiji mtu hasafiri kimya kimya. Ukiondoka bila kuaga utasemwa mpaka urudi, na ukirudi utasemwa mbele ya macho yako. Kwa hiyo nilipopigiwa simu nikaambiwa nimepata kazi ya maabara katika zahanati mpya ya shirika moja kule Kagunga, na kwamba nikae tayari kuanzia wiki ijayo, nilikubali papo hapo. Siku iliyofuata nikaacha kazi yangu ya kuuza duka la dawa. Kisha nikaanza kuaga.

Niliaga kwa fujo. Niliaga mashangazi, niliaga majirani, niliaga wanawake wanaouza dagaa na mama yangu pale Kibirizi, ambako ndiko boti za Kagunga zinakopakia. Mmoja akanipa kanga, mwingine akanifungia mawese kwenye dumu dogo, maana anayeaga haachwi aende mikono mitupu. Wa mwisho, kama ada inavyotaka, alikuwa mkubwa wao wote: bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa akikaa Rusimbi kwa mjomba.

Bibi ndiye aliyenilea. Uzeeni macho yalianza kumtupa na miguu ikawa inavimba, kwa hiyo kila Ijumaa baada ya sala ya mchana nilikwenda kumsugua miguu kwa mafuta ya mise, yale meusi yanayokamuliwa kwenye kokwa za mchikichi, na kumkata kucha. Kucha zake hakuruhusu mtu mwingine aziguse. Mke wa mjomba alijaribu mara moja, akaambiwa ana mkono wa kuchinjia kuku.

Siku ya kumuaga aliomba maji kwenye bakuli, akayasomea, akayavuvia, akaninywesha. Halafu akaushika uso wangu kwa viganja viwili, akakaa nao, kwa sababu alishazoea kuona kwa vidole.

"Haya, nenda mke mwenzangu," akasema. Ndivyo alivyoniita tangu nina akili, utani wa bibi na mjukuu. "Kapime damu za watu, ila usiisahau yangu."

Nikalia. Na yeye akalia. Mjomba akasema basi jamani, Kagunga si Ulaya, tukacheka huku tunapenga kamasi. Sijapata kuagwa vizuri namna ile, wala sidhani kama nitaagwa hivyo tena.

Wiki ijayo ikaja, simu haikuja. Nikapiga mimi. Akapokea mwanamke mwenye sauti tamu, akaniambia mashine ya maabara bado iko njiani. Nilipopiga tena, mashine ilikuwa imefika mjini lakini kibali hakijatoka. Mara ya tatu kibali kilikuwepo, ila anayetakiwa kusaini alikuwa safarini. "Vuta subira, dada yangu," alikuwa akisema kila mara, "nafasi yako ipo palepale." Neno hilo, "palepale", nalichukia mpaka leo. Hata mimi nilikuwa palepale, na watu wananiona.

"Heee! Hujaondoka tu?" Hiyo ndiyo ikawa salamu yangu. Aliyenipa kanga aliniuliza kama Kagunga imehamia Ujiji. Mwanzoni nilicheka nao, kisha nikaanza kupita njia za nyuma, mwishowe nikaacha kutoka kabisa. Rafiki yangu niliyesoma naye chuo alinipigia, nikamweleza. Akauliza, "Walikuandikia tarehe ya kuanza?" Nikamwambia hapana, ni simu tu. "Sasa uliaga nini?" Nilimkatia simu. Hakuwa na kosa, lakini nilimkatia. Nilipotuma mtu duka la dawa akanisemee, jibu likawa kiti changu kina mwenyewe.

Mama ndiye aliyesema bibi asijue. "Ameshakuombea. Akisikia uko hapa atasema kuna mtu kakufunga njia, hatalala, presha impande bure. Acha ajue umekwenda. Ni siku chache tu." Nikakubali kwa sababu ya hizo siku chache.

Basi nikawa mtu wa uani, nachambua dagaa wakavu wa mama, natoa mchanga na vijiti, vumbi lake linanipiga chafya kutwa nzima. Biashara ya dagaa inafuata mwezi. Giza likiwepo wavuvi wanaingia ziwani na taa zao, mama anadamkia Kibirizi. Mbalamwezi ikiwaka boti zinalala na mama analala. Hivyo ndivyo nilivyojua muda unakwenda. Mama alikaa nyumbani mbalamwezi ya kwanza, akarudi Kibirizi, akakaa tena, na mimi bado niko kwenye ungo.

Ijumaa ndizo zilizonitesa. Sala ya mchana ikiisha nilikuwa sijui mikono yangu niipeleke wapi. Kutoka kwetu hadi Rusimbi ni mwendo wa kutembea tu, wala si safari, na mimi nilikuwa nimekatazwa na kwaheri yangu mwenyewe.

Ijumaa moja mjomba akapiga, mama akaweka sauti ya nje kwa kuwa mikono yake ilikuwa na chumvi. Bibi anaulizia mjukuu wake anakula nini huko Kagunga. "Anakula vizuri tu," mama akajibu, ananitazama. Mjomba akasema miguu ya bibi imezidi kuvimba, kucha zimerefuka, na akisogelewa na mkasi anafoka kwamba zina mwenyewe. Hapo chafya ikanitoka. Mama akanikata jicho, akaaga haraka, akafunga simu.

Niliingia ndani nikalia kwa hasira. Nilimkasirikia yule mwenye sauti tamu, nikamkasirikia mama, nikaukasirikia mdomo wangu uliotangulia miguu. Jioni ile nikawaandikia wale watu wa shirika: nipeni tarehe, au mniambie hakuna kazi nijue moja. Wakajibu kwa adabu kabisa kwamba nitajulishwa.

Ijumaa iliyofuata sikuweza kuvumilia. Nilijitanda mtandio mpaka puani, nikachukua chupa ya mise, nikashika njia ya Rusimbi. Njiani niliutengeneza uongo wangu vizuri: nimeshuka na boti asubuhi, nimepewa ruhusa, naondoka kesho. Mjomba hakuwepo. Bibi alikuwa kwenye mkeka barazani, miguu ameinyoosha, na nilipoiona ile miguu karibu nirudi nilikotoka.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umechelewa."

"Bibi, boti ya Kagunga leo ili..."

"Yewe!" akanikatiza. "Wacha boti. Mtu aliyeshuka botini ananuka petroli. Wewe unanuka uani kwa mama yako." Akapapasa mkeka nikae. "Ile siku mjomba wako anaongea na simu nilikuwa hapa. Chafya yako naijua tangu hujaota meno."

Nikaiweka chupa ya mise chini. Nikauliza tu, "Mbona hukuniita, bibi?"

"Ulishaniaga. Mtu aliyekuaga utamwitaje? Utamtia aibu. Nikasema aibu itamwisha, atakuja mwenyewe." Akaisogeza miguu upande wangu. "Ila ulinichelewesha. Kucha zinaniuma."

Nikaiweka miguu yake mapajani mwangu. Kucha zilikuwa zimekuwa nene, nyingine imejikunja imeingia nyamani, na nilipoikata alishika bega langu bila kupiga kelele. Nilimsugua mpaka mise ikakauka kwenye ngozi. Ukiubonyeza mguu wake, shimo la kidole lilibaki palepale. Nilijifunza chuoni maana ya shimo lile: moyo au figo zimechoka. Nikamwambia twende hospitali, akasema tutakwenda, tutakwenda, kwanza nimsimulie uongo wote niliokuwa nimepanga kumwambia. Nikamsimulia. Alicheka mpaka akakohoa.

Jumatatu mjomba na mimi tukampeleka. Wakampa dawa, wakamrudisha nyumbani. Nikawaza nitakuwa naye sasa, kazi ije isije, nitakwenda kila siku mchana kweupe na wanaocheka wacheke.

Alhamisi asubuhi simu ikaita. Sauti tamu ilikuwa na furaha: kila kitu kimekamilika, mashine inapakiwa Kibirizi sasa hivi, boti inaondoka kabla ya adhuhuri, nisipokuwemo nafasi atapewa mwingine. Yaani wao walinikalisha miezi, mimi nikapewa asubuhi moja. Nikatupia nguo begini huku nampigia mjomba, nikamwomba simu ampe bibi.

"Bibi, wameniita. Nije nikuage?"

"Uniage mara ngapi?" Nilisikia anatabasamu. "Ulishaniaga, na mimi nilishakuombea. Kimbia, boti itakuacha."

Nikakimbia. Pale Kibirizi hakuna aliyenipungia mkono, wote walishanipungia zamani. Aliyenipa kanga alikuwa anaanika dagaa, akanyanyua kichwa, akaendelea na kazi yake.

Kagunga nilikaa Ijumaa moja tu. Wiki iliyofuata, siku ya Jumanne, mama alinipigia nikiwa nafungua maboksi ya mashine, na kabla hajasema nilijua kwa namna alivyovuta pumzi. Boti ya siku ile ilikuwa imeshaondoka. Nilipofika Rusimbi kesho yake bibi alikuwa ameshazikwa, na barazani wamejaa wanawake walewale niliowaaga.

Nikawapa mkono mmoja mmoja. Yule aliyenipa kanga akanivuta, akanikumbatia, na safari hii hakuwa anatania.

"Usilie sana, mwanangu," akasema. "Sisi wengine alituponyoka tu. Wewe walau ulimuaga vizuri."

Nikamjibu ndiyo, mama, nilimuaga.