Misemo ya Mwalimu Wetu

Mwezi uliopita nilipanda Newala kwa msiba wa shangazi. Nilipopita karibu na shule ya misheni niliyosoma zamani, nikasikia watoto wanakariri Kiingereza kwa pamoja. Ndugu yangu, miguu ilikataa kwenda mbele.

Enzi zetu Mwingereza alikuwa bado anatawala. Mwalimu wetu alikuwa mtu wa hapahapa, ila Kiingereza alikipenda kuliko chakula. Kimakonde alikipiga marufuku darasani. Ulimi ukikuteleza, unadeki. Mwaka ule alitufundisha misemo ya Waingereza ya mtu aliyezidiwa na hisia. Mwenye hofu, moyo wake umempanda mdomoni. Mwenye huzuni kuu amesimama kando ya nafsi yake. Jioni nikamsimulia bibi, naye anatwanga makopa ya muhogo. Akasita, mchi mkononi.

"Moyo ukifika mdomoni, ugali utapita wapi?"

Tulicheka mpaka unga ukamwagika.

Maji tuliyafuata bondeni, mteremko mkali, na kupanda na mtungi kichwani ilikuwa kazi ya nusu siku. Asubuhi moja ya kiangazi, tukiwa kwenye misemo hiyohiyo, jirani yake mwalimu akasimama mlangoni, kanga imelowa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Mkeo ameteleza na mtungi, pale penye mawe. Tumempandisha, lakini hatukumuwahi."

Alikuwa mjamzito wa miezi saba.

Mwalimu aligeukia ubao kana kwamba anataka kumalizia sentensi. Chaki ikakatika. Akakaa sakafuni, mbele yetu sisi watoto, akasema, "Nangu. Nangu." Kwa Kimakonde ni mimi. Mimi. Neno la pili hakulipata.

Hakuna aliyecheka. Msichana mkubwa kuliko sote alikwenda akachuchumaa mbele yake, akampa pole kwa Kimakonde, taratibu, kama mama zetu walivyofanya matangani. Tukamfuata mmoja mmoja. Mwalimu akamwitikia kila mtoto.

Baada ya matanga alirudi kufundisha, ila misemo ile hakuigusa tena. Mwaka uliofuata alihamia Masasi, sikumwona tena.

Bibi naye alifariki zamani. Njia ya bondeni imemezwa na vichaka. Juzi mjukuu wangu alifiwa na rafiki yake. Nikamshika mkono, nikampa pole kwa Kimakonde, kwa maneno ya bibi. Akanitazama kwa heshima, akingoja nimtafsirie.