Mfungo Usio na Mwisho

Ijumaa ile haijanitoka akilini, mwanangu, ingawa mambo mengi ya ujana wangu nimeyasahau, na mengine nayasahau kwa makusudi. Tulikuwa kanisani, jengo dogo la mabati nje kidogo ya soko la Rangwe, mimi na akina mama wa maombi, mama yangu akiwemo. Mama mmoja aliingia na shati la mumewe aliyekuwa mgonjwa. Akawapita wazee wote wa kanisa, akaniletea mimi, msichana wa sekondari, niliombee. Kwa nini mimi? Kwa sababu nilikuwa nimekonda. Watu walisema huyu binti amefunga mpaka mwili umekwisha, lazima Mungu anamsikia.

Subiri nikueleze nilivyofika hapo.

Mwaka ule nilirudi likizo kutoka shule ya bweni nikiwa nimejaa vizuri. Unajua watu wa kwetu: mtu akikuona baada ya muda mrefu, husalimia mwili wako kabla hajakusalimia wewe. Shangazi yangu alinishika kiuno mbele ya wageni, akaangua kicheko. "Wewe! Hii gauni inaomba msaada!" Wageni wakacheka, nami nikacheka nao. Hakuwa na nia mbaya, maskini, alinipenda sana huyo shangazi. Lakini neno lile liliniganda, nikalala nalo na kuamka nalo.

Nikaanza kupunguza chakula. Mwanzoni nilijiona mshindi, kwa sababu shuleni na nyumbani kulikuwa na mambo mengi nisiyoweza kuyatawala, na hili moja nililiweza. Mama alipoanza kuuliza mbona sili, nikampa jibu ambalo mzazi wa kwetu hawezi kulipinga: nimefunga, naomba. Mama alifurahi hadi machozi yakamlengalenga. Akawaambia wenzake, nao wakanipa jina, Nyar Lamo, yaani binti wa maombi. Lilikuwa jina tamu, nisikufiche. Kadiri nilivyokonda ndivyo nilivyosifiwa, na kadiri nilivyosifiwa ndivyo nilivyozidi kuogopa sahani.

Usidhani nilikuwa mnafiki. Niliomba kweli, ila ombi langu lilikuwa moja tu, nisinenepe. Nywele zilikuwa zinakatika. Nilisikia baridi jua likiwaka. Hata mambo ya mwezi yalikoma, na sikumwambia mtu. Nilikuwa mgonjwa, mwanangu, na ugonjwa wenyewe ulikuwa umevaa nguo za kanisani.

Basi Ijumaa ile, likizo iliyofuata, nilisimama na lile shati mkononi, macho yakaingia giza, nikaanguka. Unajua akina mama walifanya nini? Walipiga vigelegele. Walidhani Roho ameshuka. Wakaanza wimbo, na mimi nimelala pale sakafuni. (Mgonjwa mwenye shati, ukitaka kujua, alipona baadaye bila msaada wangu.)

Aliyenyamazisha wimbo ni Mama Dorka, kiongozi wa kikundi. Alikuwa akikaanga samaki sokoni, na sauti yake ungeisikia ukiwa ng'ambo ya mto. Alipiga magoti, akanishika mkono, akaona ulivyo mwembamba. "Nyamazeni! Mtoto ni mgonjwa na nyinyi mnaimba?"

Nilipozinduka alikuwa amenipakata kichwa. Sauti yake ilikuwa imeshuka kabisa.

"Nyathina," aliniambia, yaani mwanangu, "mimi pia nafunga. Lakini siku ya kufungua, uji ndio nakimbilia, hata nikiungua ulimi. Wewe nimekuangalia. Siku ya kufungua ikifika, unaongeza siku zingine za kufunga. Uso wako unajaa hofu. Unaogopa nini?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilimtazama mama yangu, nikaona aibu, kisha nikachoka na aibu. "Naogopa kula," nilisema. "Nikikula naona kama nimefanya dhambi."

Mama aliketi sakafuni palepale. "Kumbe nilikuwa nasifu ugonjwa," alisema, akalia.

Mmoja wa akina mama akasema ni pepo, nibaki niombewe hadi Jumapili. Mama Dorka alikuwa tayari amefunga leso kiunoni. "Maombi tutafanya tukiwa kwa gari," alisema. "Saa hii tunaenda Homa Bay."

Hospitalini daktari alisikiliza moyo wangu, akasema unapiga polepole mno, na kwamba tungechelewa kidogo tungezungumza mengine. Kesho yake mama akaja na ugali na samaki mzima, akitaka kunirudishia miezi yote kwa mlo mmoja. Muuguzi akamzuia. "Pole pole, mama. Mwili umezoea njaa. Tukiujaza ghafla, tutampoteza." Wakaanza kunilisha kidogo kidogo, wakinipima damu. Muuguzi huyo huyo alikaa nami na kunisikiliza, na nilipotoka niliendelea kwenda kumwona. Nyumbani, mama alijifunza kula nami akizungumzia ng'ombe na majirani, bila kuutazama mkono wangu.

Sikupona upesi. Nilirudi nyuma, nikadanganya, nikalia, nikarudi tena hospitalini. Mpaka leo zipo siku ambapo ile hofu hunipigia hodi. Nimezoea kuijibu nikiwa na kijiko mkononi.

Sasa nakuambia wewe unayejilinganisha na picha za kwenye simu, na wewe kijana unayekimbia mbio ukiambiwa mwepesi ndiye mshindi, maana hata wavulana hupatwa. Chakula kikianza kukutia hofu, au ukila kwa siri mpaka unajichukia, usingoje ukonde ndipo uamini u mgonjwa. Wengine huumwa hivi na miili yao haionyeshi kitu. Mwambie mtu mzima mmoja. Asipokuelewa, mwambie mwingine. Nenda hospitali, na ukitaka kuombewa, uombewe ukiwa njiani.

Nanyi wazazi wenzangu, acheni kusalimia miili ya watoto. Msiwacheke wanene wala msiwasifu wembamba. Ukimwona mtoto anakwepa meza, usimgombeze na usimlazimishe tonge. Kaa naye, umuulize anaogopa nini, kisha ungoje jibu hata likichelewa.

Mama Dorka tulimzika zamani. Nilipika siku ya mazishi yake, nikala pamoja na watu mbele ya macho ya wote, nikilia.

Mungu akuondolee hofu ya sahani. Akupe mtu wa kuketi nawe asiyekuhesabia matonge. Akurudishie njaa yako, mwanangu, kisha akushibishe.