Sifuri Niliyoisomea

Nakumbuka siku niliyopata sifuri katika mtihani wa darasa la saba, mwanangu, na sikuipata kwa bahati mbaya. Niliifanyia kazi. Kila swali nilitafuta kwanza jibu sahihi, nikaliacha, nikachagua la pembeni yake. Nilitoka chumba cha mtihani nikiwa na uhakika kwamba hakuna hata moja lililoniponyoka.

Turudi nyuma kidogo. Tulikuwa tunakaa nje ya Samuye, baba akilima pamba na kufuga. Watu wa kijiji jirani walishakuja kuniposa, na ng'ombe wa mahari walishakubaliwa. Kilichobaki ni mtihani, maana mtoto akifaulu serikali ilimfuata mpaka nyumbani, na mzazi aliyemzuia aliitwa ofisini. Aliyefeli hakuna aliyemuulizia. Wiki ile baba aliniita zizini akasema, "Minza, huko andika ovyo ovyo. Usinitie matatani." Wasichana wengi wa kwetu waliambiwa hivyo hivyo, wakajaza herufi yoyote. Mimi nilikuwa mtoto mtiifu, tena mtiifu kupita kiasi.

Matokeo yalipofika, mwalimu wetu Zuhura alikuja nyumbani kwa baiskeli. Alikuwa mama wa Kiislamu kutoka Shinyanga mjini, mtandio haumtoki kichwani, na maamkizi ya Kisukuma alikuwa ameyajifunza kwetu.

"Mwadila, mwalimu," baba akamwamkia. "Kiti hicho. Maziwa au maji?"

"Maziwa, Baba Minza. Nimekuja kugomba, bora ninywe kwanza."

Baba akacheka. Alipomaliza kunywa, mwalimu akaweka kibuyu chini.

"Mtoto kapata sifuri."

"Nimesikia. Basi serikali imesema hajui kitu. Mimi ni nani nibishane na serikali?"

"Asiyejua hubahatisha, akapata mawili matatu. Huyu kakosa yote. Hata ng'ombe wako angeikanyaga karatasi ile, angepata moja."

Baba hakucheka tena. Mwalimu akamuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, jinsi anavyonunua dume mnadani. Baba akajiweka sawa kwenye kigoda, maana hapo aliulizwa analolijua kweli.

"Namtembeza. Namshika nundu. Namfungua mdomo nione meno. Nauliza mama yake alikuwa anatoa maziwa kiasi gani. Nikiwa na shaka narudi mnada unaofuata."

"Na huyu binti umemjua kwa karatasi moja tu?"

"Ng'ombe anafunguka mdomo, mwalimu."

"Na huyu anao. Muulize."

Mama aliacha kupepeta mtama. Baba akanigeukia. "Minza, ulikuwa unajua?"

Nilimtazama mama kwanza. Kusema ndiyo mbele ya mgeni ilikuwa kumfichua baba. Kusema hapana ilikuwa kuhama nyumbani kwenda kuolewa mavuno yakiisha.

"Nilijua, baba. Nilikwepa."

"Mangapi?"

"Yote."

Mwalimu Zuhura hakuuliza nani aliniagiza. Jibu alikuwa analijua, na akaliacha. Mpaka leo namshukuru kwa hilo kuliko kwa masomo aliyonifundisha, kwa sababu angeuliza, baba angelazimika kujitetea, na mtu anayejitetea habadiliki. Baba akamwambia mama bila kunitazama, "Kesho nitakwenda kwa wale watu. Ng'ombe wao wakae huko huko kwanza." Namshukuru na yeye. Si rahisi mwanaume wa kwetu kurudisha neno lake nyuma.

Sekondari sikwenda. Mtihani ulikuwa haurudiwi, na karatasi ilishanihukumu. Mwalimu alinifundisha jioni kwa miaka, nikafanya mitihani ya kujitegemea, nikasomea ukunga. Hapa Kalangalala nilikohamia kikazi kuna wachimbaji wa dhahabu wenye ndevu wanaonipa shikamoo nami nawaitikia kwa majina, maana niliwapokea mimi walipozaliwa.

Mwanangu, sisemi mtihani ufutwe. Nasema umepewa kazi isiyo yake. Karatasi moja, kwa nchi nzima, haikuona tofauti kati ya asiyejua na aliyekatazwa kujua. Haimwoni anayefikiri kwa Kisukuma na kuulizwa kwa Kiswahili, wala aliyechota maji kabla ya kuja shule. Na siku hizi naona darasa la saba wanapewa majaribio kila wiki na kupangwa viti kwa alama, wa nyuma wakiitwa mzigo. Mtoto wa jirani yangu mmoja ameacha shule, anaosha mchanga wa dhahabu machimboni. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu, "Bibi, si wameshasema sijui?" Yaleyale ya baba.

Basi ukiwa mwalimu, mfuate mtoto mpaka kwao kabla hujaiamini alama yake. Ukiwa mzazi, mfungue mdomo, umsikilize. Na wewe uliyefeli, usikubali asubuhi moja ikuambie wewe ni nani. Mtafute Zuhura wako, yupo. Mungu akupe mtu wa kukuuliza swali sahihi, akupe na ujasiri wa kulijibu. Ukue, uzae, uone wajukuu.

Nyumba ya tatu kutoka kwangu kuna binti anaitwa Nshoma, kichwa chepesi kweli, aliyefanya mtihani huo majuzi. Nimeona wageni wakija kwao, wazee wenye fimbo, wakipokelewa kwa heshima. Juzi nilimuuliza kama alijaza alivyojua. Alimtazama mama yake kwanza, kisha akasema anakwenda dukani.

Jumamosi baba yake akirudi kutoka mnadani nitakuwa kwake, nitakunywa maziwa kwanza. Matokeo bado hayajatoka.