Bangili ya Kambo Niliyoifanya Nyeupe

Siku moja, mwanangu, haijanitoka mpaka leo. Nilikuwa msichana, hapa hapa Élisabethville, nikipiga deki kwenye dispensari. Termometre ikaanguka, ikavunjika, zebaki ikamwagika. Sisi tunaiita merkire: chuma kinachotembea kama maji. Ukikigusa kinakimbia, kinagawanyika, halafu kinarudi kuwa kimoja.

Muuguzi akanikemea: "Weye, usiguse! Ile kintu iko sumu. Na moto ndiyo mubaya zaidi. Inakuwa mupepo, hauuone, inakuua."

Nilisikia. Hata hivyo nilificha matone ndani ya kichupa cha kinini, dawa ya malaria. Akili nilikuwa nayo. Masikio ndiyo niliyoyakosa.

Kambo, mama ya mama yangu, alikuwa na bangili ya shaba aliyoachiwa na wazee wake. Kila bibi harusi wa ukoo alivishwa hiyo. Dada yangu Kabedi alikuwa anaolewa Jumamosi, na mimi shaba niliiona ya kishamba. Nilitaka nyeupe, kama misalaba ya feza ya masista. Nikaisugua kwa ndimu na majivu, nikaipaka merkire. Iling'aa! Nikaifunga tena kitambaani, moyo ukicheka.

Ijumaa mchana Kambo akaifungua. Imefifia, ina mabaka.

"Eh, shaba yangu inagonjwa?" akacheka. "Tuichome kidogo, buchafu butoke."

Ndivyo walivyosafisha wazee. Akaishika kwa koleo, akainama juu ya mbabula, jiko letu la makaa, makala yamewaka mekundu.

Mimi nikakunja kile kitambaa, nikakikunjua, nikakikunja tena. Aibu ilinizuia kusema. Kisha nikaona uso wake unavyokaribia moto.

"Kambo, acha! Nilipaka sumu!"

Akarudi nyuma. Nikasema yote, nikilia. Hakunipiga. Aliniuliza tu: "Ulikuwa unangojea nini? Niinuse kwanza?"

Swali hilo liliuma kuliko fimbo.

Bangili tuliipeleka dispensari, haikurudi. Kanisani mkono wa Kabedi ulikuwa mtupu, basi Kambo akaushika kwa vidole vyake, pale pale pa bangili, misa nzima. Kabedi mpaka leo anasema hiyo bangili ilikuwa na jasho, tena ilimfinya. Na hakutaka nyingine.

Mwanangu, kukosa utakosa, hata wewe unayejiona malaika. Ukikosa, sema mapema, kabla mwingine hajaliinamia kosa lako. Aibu itapita. Mtu akiondoka, harudi.

Mungu akupe kinywa chepesi cha kukiri, na vidole vya kukushika mkono siku utakapokuwa mtupu. Haya, enda ukale.