Siku Misumari Alipokuja Amefunga

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo, ni fundi viatu, na mtaa mzima unamwita Misumari. Jina alilopewa na wazazi wake limebaki kwenye vyeti. Akipigilia soli huweka misumari midogo mdomoni, kumi au zaidi, anaisogeza kwa ulimi mmoja mmoja, anachomoa, anagonga. Na huku anaongea! Atakutania, atakuuliza habari za watoto, na hata mmoja haudondoki. Viatu nilivyovaa amevibadilisha soli mara nne. Sijui kilichobaki cha asili ni nini, labda matundu ya kamba.

Mwaka huu moyo wake ulianza vituko. Alikuwa anaweka nyundo chini ghafla na kushika kifua. Dada akatega sikio pale, akaniambia, "Kaka, haudundi. Unakimbia kama watu wanaoshuka ngazi kwa fujo."

Hospitali walisema moyo umepoteza mpangilio, wataurudisha kwa mshtuko mdogo wa umeme akiwa amelazwa usingizi. Lakini kwanza wahakikishe hamna bonge la damu ndani, maana moyo unaokwenda ovyo huacha damu ikatuama pembeni. Ukiushtua na bonge limo, linaweza kuchomoka likapanda kichwani. Hicho ndicho kiharusi. Fundi viatu aliyepooza mkono wa kulia, nikawaza, na wazo hilo halikunitoka tena.

Daktari, mama mfupi mwenye sauti ya taratibu, alitueleza. Kile kipimo cha kupaka mafuta kifuani hakioni vizuri kule nyuma, mbavu na mapafu yanaziba. Kwa hiyo watapitisha mpira mwembamba mdomoni hadi kwenye umio, ile njia ya chakula, inayopita nyuma ya moyo karibu kabisa. Ncha ya mpira hutoa mawimbi ya sauti, na moyo unaonekana kwenye kioo.

"Kama kuingiza mkono ndani ya kiatu," akasema Misumari. "Nje kinang'aa, ubovu uko ndani."

"Umenielewa, mzee."

"Na ubaya wake?"

"Wengi hukerwa na koo siku moja, mbili. Mara chache jino linalegea, au dawa ya usingizi inapunguza pumzi. Mara chache sana umio unachanika, na hilo likitokea ni hatari kubwa. Ndiyo maana nauliza." Akafuata fomu kwa kalamu: meno bandia, ugonjwa wa ini, kutapika damu. "Una shida ya kumeza?"

"Sina."

Akatia sahihi. Akairudisha kalamu bila kumtazama daktari, na mimi nikadhani ni woga tu.

Siku mbili baadaye sista wa hospitali alimpigia simu akiwa katikati ya kugonga. "Mzee, kesho saa mbili asubuhi. Uje umefunga."

"Nitafunga, sista, ondoa shaka."

Asubuhi nikamkuta mlangoni pa duka anatia kufuli la pili. Kwenye mbao alikuwa amebandika karatasi: LEO NIMEFUNGA. Mtu aliyefungua na kufunga mlango uleule miaka thelathini, neno hilo kwake lina maana moja. Nami sikustuka, wasiwasi ulikuwa umeniziba masikio.

Kule hospitali sista akamvalisha gauni la kufungwa mgongoni, akashika karatasi zake.

"Mara ya mwisho umekula saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na nusu."

"Ya jana jioni."

"Ya leo asubuhi."

"Mzee wangu! Si nilikwambia uje umefunga?"

"Nimefunga! Makufuli mawili. Muulize shemeji."

Sista alicheka hadi akaegemea ukuta, kisha kicheko kikakatika. "Ukilala na chakula tumboni kinaweza kupanda kikaingia mapafuni. Ungetufia hapa. Umekula nini?"

"Chai na vipande viwili vya mkate. Lakini nimeviloweka mpaka vikawa uji, ndiyo vipite."

Kalamu ikasimama. "Vipite wapi?"

"Hapa." Akagusa chini ya koo. "Kikavu hukwama."

"Si uliulizwa kama una shida ya kumeza?"

"Shida iko wapi, sista? Naloweka, kinapita."

Sista akaenda kumwita daktari, karibu akimbie. Daktari akavuta kiti, akauliza ilianza lini. Misumari akanitazama mimi, akatazama sakafu.

"Usimwambie dada yako."

"Nisimwambie nini?"

"Nilimeza msumari. Unakumbuka ulivyonichekesha na habari ya mbuzi wa mwalimu mkuu? Siku ile. Ulikaa siku nyingi hapa, unachoma, halafu ukashuka. Sasa mtu anaitwa Misumari, aende kusema amemeza msumari? Mtaa ungenimaliza."

Miaka kumi na miwili imepita tangu siku ile. Na mimi hadithi ile ya mbuzi bado naisimulia. Yaani nilikuwa naisimulia.

"Leo mpira haupiti," daktari akasema. Siku iliyofuata walimnywesha maji mazito meupe wakampiga picha. Daktari akatuonyesha mahali njia ilipobana, kovu limeikaza kama mdomo wa mfuko. "Mpira wetu ungefika hapa ukagoma, nasi tungedhani ni koo la kawaida. Tungesukuma."

Ikabaki njia ndefu: dawa ya kuzuia damu kuganda, wiki tatu bila kuruka kidonge hata kimoja, ndipo umeme. Bonge kama lipo au halipo, hakuna aliyejua. Kila asubuhi dada, akitafuta dalili za kiharusi, alimwambia ainue mikono yote miwili na aseme sentensi nzima. "Mke wangu ananitesa," ndiyo sentensi aliyoichagua. Kisu cha ngozi alipigwa marufuku, maana damu ingetoka isikome. Misumari ya mdomoni ikahamia kwenye kibati. Alipopapasa kibatini kwa mkono wa kulia, nilikuwa naacha kuongea hadi vidole vikamate.

Wiki tatu zikatimia. Sista yuleyule akasimama mlangoni. "Mzee, umefunga?"

"Yote mawili, sista. Duka na mdomo."

Hakuna aliyecheka. Akaingizwa ndani, nasi tukakaa kwenye benchi, viatu vyake mapajani mwangu, dada akihesabu vigae vya sakafu kwa sauti ndogo, anakosea, anaanza tena. Kisha tukaitwa.

Umeme ulikuwa umeshapita, naye Misumari alikuwa amelala, macho nusu wazi. Akainua mkono wa kulia kabla hajaambiwa. Dada akainama, akaweka sikio kifuani pake, akakaa hivyo muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia.

"Vipi?" nikauliza.

"Nyamaza, kaka. Nasikiliza."

Lakini kidole chake kilikuwa kimeanza kugonga ukingo wa kitanda, polepole, sawasawa, kama mtu anayepigilia soli.