Mkono wa Kidawa

Wifi yangu Kidawa, mke wa kaka yangu Bakary, hajui kukaa nyuma. Tulipohamia kijiji cha ujamaa Likawage, mwenyekiti aliomba watu wa kwenda pangoni kuzoa mavi ya popo, yawe mbolea ya shamba la kijiji. Wanaume wakaangaliana. Kidawa akashika jembe. Mwanawe mchanga, Tawakali, akamwachia mama yetu, akaingia pangoni na jirani yetu Likwata, mtu mwembamba lakini mbishi kupita kiasi. Walitoka wamejaa vumbi mpaka kwenye kope, wanacheka.

Haukupita muda, wote wawili wakashikwa na homa na kikohozi. Kijiji kizima kikasema ni kifua kikuu. Mama hakungoja. Alimhamishia mjukuu nyumbani kwake, akamkataza Kidawa asimnyonyeshe wala asimguse mpaka ijulikane anaumwa nini. Kidawa alilia, jamani! Kila asubuhi alikamua maziwa akayamwaga, yasije yakakauka, na huku anamsikia mtoto nyumba ya pili akidanganywa kwa uji.

Nikawasindikiza hospitali mjini Lindi. Makohozi yao hayakuonyesha kifua kikuu. Daktari Ambrosi aliposikia habari za pango, akamdunga kila mmoja sindano ndogo kwenye ngozi ya mkono, akasema tungoje wodini siku mbili, aone ngozi itafanyaje.

Mkono wa Kidawa ukavimba, ukawa mgumu na mwekundu. Wa Likwata ukabaki vilevile, kama hajadungwa. Basi Likwata akatamba wodini kutwa, anamwonyesha mkono kila apitaye, na kumpa wifi yangu pole za kejeli. Ningeweza kumzaba kibao. Kidawa naye akawa anausugua uvimbe kwa mafuta ya nazi ili ushuke. Nikamwambia acha, unajichubua bure. Hakunisikia.

“Wakiuona huu,” akaniambia, “mtoto ndiyo basi tena.”

Daktari alipokuja, Kidawa akauficha mkono ndani ya kanga. Daktari akaufunua, akaupapasa, akatabasamu. Akatueleza kwamba katika mavi ya popo huota kuvu, na mtu akivuta vumbi lake, kuvu hiyo humwingia mapafuni. Mwili nao una askari wake. Askari wa Kidawa walikwisha kumjua adui, ndiyo maana alipoletwa kidogo tu kwa sindano pale mkononi walimvamia, pakavimba. Huyu angepona kwa kula vizuri na kupumzika. Askari wa Likwata walikuwa wamelala, na kuvu inazidi kumwenea mwilini. Wa kubaki wodini alikuwa Likwata. Likwata akaushusha mkono aliokuwa anatuonyesha.

“Na mtoto?” Kidawa akauliza.

“Ugonjwa huu hauambukizi mtu kwa mtu. Nenda ukanyonyeshe.”

Likwata alitundikiwa dripu ya dawa kali iliyomtetemesha mpaka kitanda kizima kikatikisika. Alirudi amekonda, lakini alirudi, na hadi leo anatugombeza mikutanoni.

Sisi tulitangulia nyumbani. Mama alisimama mlangoni na mtoto, akataka nirudie maneno ya daktari. Nikarudia. Akataka tena. Kisha akamketisha Kidawa mkekani, akamwekea Tawakali kifuani. Mtoto alituangalia sote, halafu akanyonya kwa pupa, anakoroma. Nilifurahi, nikakaa mkekani kando yao.

Mama akageukia ukutani. “Nilikunyang'anya mwanao,” akasema.

Kidawa hakuondoa macho kwa mtoto. “Ulinitunzia, mama.”