Kamba ya Mwalimu Johari

Kama kuna jambo lililomzeesha Johari kabla ya siku zake, si ukarani wake bandarini, wala si mume anayeendesha malori ya masafa marefu na kurudi nyumbani kama mgeni. Ni kundi la WhatsApp la wazazi wa skauti wa mtaa wa Mishomoroni. Kundi lile halikuwa na mapumziko. Johari aliandika tangazo fupi, la kueleweka hata na mtu mwenye usingizi: Jumamosi tunapiga kambi Shelly Beach, kila mtoto aje na blanketi, sahani, kikombe na tochi, wazazi wabaki nyumbani. Kabla hajaiweka simu chini, majibu yakaanza kumiminika. Mmoja aliuliza kama Shelly Beach kuna mbu. Mwingine aliuliza kama kambi ni lazima watu walale, haiwezi kuwa ya kwenda na kurudi? Bi Mwanarehema, ambaye hakupenda kuandika na badala yake alituma sauti ndefu kama mawaidha ya harusini, alieleza kwamba mjukuu wake Mansur hali chakula kisichokolea chumvi. Je, chumvi itatiwa na nani?

"Ataitia mwenyewe," Johari akajibu.

"Wallahi huyu ataniulia mjukuu," ikarudi sauti.

Johari aliizima simu akaitupa kitandani. Angeweza kuvumilia maswali ya mbu. Kilichomchoma ni kwamba walikuwa wanajua, wote walikuwa wanajua, kambi hii ilikuwa ya nini. Mkaguzi wa skauti angekuja kuwatazama watoto wakijipikia chakula cha mchana wenyewe, bila mkono wa mtu mzima. Wakifaulu, likizo ya Agosti wangekwenda Nyeri kwenye mkutano mkubwa wa skauti wa nchi nzima. Tangu kundi lianzishwe hakuna mtoto wa Mishomoroni aliyewahi kufika huko, na sababu haikuwa watoto. Mwaka wa kwanza mkaguzi aliwakuta wanakula mahamri na mbaazi kutoka kwenye hotipoti zilizofichwa mabegini. Mwaka uliofuata akina mama walikuja "kusalimia tu", na mkaguzi alipofika alimkuta mmoja wao amepiga magoti anakuna nazi.

Safari hii Johari hakuwa tayari kucheka. Kiongozi wa kikosi alikuwa Sumeya, binti yake mwenyewe, na mwakani Sumeya alikuwa anakwenda shule ya bweni. Hii ilikuwa nafasi yake ya mwisho.

Nyeri yenyewe Johari aliijua kwa kuisikia. Alipokuwa na umri kama wa Sumeya, skauti wa shule ya Junda, alishapanda basi la kwenda huko, skafu shingoni, kiti cha dirishani. Mamake akaja akamshusha. Alisema ameota ndoto mbaya. Basi likaondoka Johari amesimama kando ya barabara na begi lake, wenzake wanampungia mkono. Mamake alikuwa mtu mwema na alimpikia maandazi jioni ile, lakini Johari hakuyaonja. Pengine ndiyo maana, alipokuwa mtu mzima na kazi yake, aliombwa mara moja tu kuwasimamia skauti wa mtaa, naye akakubali kabla mwombaji hajamaliza kusema.

Yeye na Sumeya walikuwa na sharti lao. Skafu ikishavaliwa, hakuna mama wala mwana. Mtoto humwita Mwalimu, naye humwita mtoto Kiongozi. Nyumbani wangegombana kuhusu vyombo na simu, lakini kwenye skauti Johari hakutaka mtu aseme binti wa mwalimu anabebwa.

Basi Jumamosi ikafika. Walivuka feri asubuhi, wakafika kwenye kiwanja cha kanisa moja karibu na Shelly Beach, mahema yakasimama, na Johari akatoa kamba ndefu ya katani aliyoinunua kwa ajili ya siku hiyo. Akaizungusha kutoka mti mmoja wa mvinje hadi mwingine mpaka jiko na mahema vikawa ndani. Ndani ni watoto. Mtu mzima ni nje. Yeye mwenyewe, kwa kuwa ni mwalimu wao, aliruhusiwa kutembea ndani, ila asiguse kitu. Akaiweka mikono nyuma ya mgongo na kuifungamanisha, akaanza kuzunguka.

Saa nne haijatimia, tuk-tuk zikaanza kuingia.

Wa kwanza kushuka alikuwa Bi Mwanarehema na mkeka wake. Nyuma yake Jerioth, mamake Valarie, mwanamke wa bara aliyehamia Mishomoroni na mume wake wa kiwandani, amekumbatia hotipoti kubwa. Nyuma yao wengine. Johari alihisi damu inampanda kichwani. Lakini mtu hamfokei Bi Mwanarehema. Kwanza ni shikamoo.

"Shikamoo, Bi Mwanarehema."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Wana hawajambo? Na mume, yuko ndiani bado?"

"Yuko njiani. Sote tu wazima, alhamdulillahi."

"Na mamako, miguu yaendeleaje?"

Miguu ya mamake ilikuwa inaendelea vizuri. Johari alilazimika kuipitia yote miwili, pamoja na presha na macho, kabla ya kufikia neno alilokuwa nalo kooni.

"Bi Mwanarehema, tulikubaliana wazazi wabaki nyumbani."

"Sisi twapunga upepo, mwanangu. Bahari ni ya Mungu."

"Na hiyo hotipoti?"

Jerioth aliitazama hotipoti kama kitu alichokiokota njiani. "Hii ni pilau yetu, Mwalimu. Aki ya nani, hatutawapea hata punje. Lakini wakizidiwa na njaa, si tutawasaidia tu kidogo?"

"Mama Valarie, ukivuka hii kamba nitakurudisha feri mimi mwenyewe kwa mkono."

Walicheka. Wakatandika mkeka kando kabisa ya kamba, vidole vya miguu vikiigusa, wakaanza kutoa maelekezo. Mansur, punguza kuni. Valarie, mchele haujaoshwa huo. Sumeya, nazi hukamuliwa hivyo? Johari alikwenda akarudi, akawaomba, akawanyamazisha, akawahamishia mkeka, naye kila akigeuka mkeka ulikuwa umesogea tena. Alikasirika mpaka akataka kulia. Watu hawa walikuwa na elimu yao na akili zao. Jerioth alikuwa na duka la nguo linaloyashinda maduka yote ya mtaani. Ila mbele ya mtoto mwenye mwiko hawakuweza kutulia.

Hata hivyo watoto walikuwa wanaendelea. Samaki walishakaangwa, wengine vizuri na wengine basi tu. Wali wa nazi ulikuwa unatokota. Mkaguzi akafika, Bwana Clifford, mtu mrefu mwenye soksi zilizovutwa hadi magotini na sura ya kutocheka. Johari alimpokea ndani ya kamba, karibu na jiko, akaanza kumweleza alivyojipanga.

"Mwaka huu hakuna mchezo, Bwana Clifford. Unawaona wale? Wote nimewaweka nje. Nimewaambia, mtu mzima hatii mkono kwenye chungu cha mtoto, awe nani, awe bibi, awe mama..."

Nyuma yake Sumeya na Mansur walikuwa wanabishana ni zamu ya nani kuchota maji. Wali ulikuwa umekauka, moto chini unawaka kwa nguvu, na harufu ile inayokuja kabla ya kuungua ikampita Johari puani. Aliendelea kuzungumza. Akachukua koleo, akautoa moto chini ya sufuria, akaokota makaa mekundu akayapanga juu ya kifuniko, pole pole, pembeni mengi na katikati machache, kama alivyofunzwa na mamake, na mamake alivyofunzwa na bibi yake.

"...kwa sababu tukiwapikia sisi, watajua lini?" akamaliza.

Bwana Clifford alikuwa anatazama koleo.

Johari aliutazama mkono wake mwenyewe. Aibu iliyomshika haikuwa ndogo, ilimpiga masikioni.

"Kiongozi wa kikosi," Bwana Clifford akaita. Sumeya akaja mbio, akapiga saluti. "Huu wali umepaliwa na nani?"

Sumeya aliyaona makaa. Akamwona mamake na koleo. Ingetosha kusema ni mimi, koleo nilimpa anishikie tu, na pengine yule bwana angependa kuliamini. Johari, Mungu amsamehe, kwa kitambo kidogo aliomba binti yake aseme hivyo.

"Ni Mwalimu, bwana," Sumeya akasema.

"Basi chungu hiki hakihesabiwi. Nakwenda Changamwe kwa kundi lingine. Nikirudi alasiri nikute mmepika. Nisipokuta, tuonane mwaka ujao."

Akaondoka. Nazi zilikuwa zimekwisha, mchele ulibaki kidogo, na watoto wadogo walianza kununa. Johari aliinama. "Sumeya, mwanangu, sikiza, ukianza na maji ya..."

"Mwalimu Johari!"

"Abee," Johari akaitika.

Lilimtoka lenyewe, neno ambalo mtoto humwitikia mkubwa wake. Sumeya alishtuka, lakini hakuteremsha uso. Alinyoosha mkono na kuchukua koleo.

"Naomba uende nyuma ya kamba."

Johari alikwenda. Akainua kamba yake mwenyewe, akapita chini yake, akasimama upande wa pili hajui aweke wapi mikono.

"Ndoo uketi hapa tini," Bi Mwanarehema akamwambia, akisogea kumpa nafasi. Hakumcheka. Jerioth ndiye aliyecheka, mpaka akafuta machozi, kisha akampakulia wali ule uliokataliwa, maana Sumeya alishautoa nje ya kamba, sufuria nzima. Ulikuwa umeiva kwa kupendeza, punje moja moja. Johari alikataa kuugusa.

Kupikwa kwa chungu cha pili kulikuwa mateso. Maji yalikuwa mengi. Johari aliyaona ni mengi tangu yanamiminwa, akauma mdomo. Bi Mwanarehema aliyaona pia, akafungua kinywa, na Johari akamshika goti.

"Nyamaza, Bi. Nakuomba."

"Mwanangu, utakuwa uji."

"Na uwe uji."

Wakakaa wameshikana mikono, mkubwa na mdogo, kila mmoja akimzuia mwenzake. Moto ukazimika, ukawashwa, ukazimika. Mansur alilia kwa moshi. Valarie alipalia makaa, moja likaanguka ndani, wakalitoa kwa kijiko. Adhana ya alasiri ilipolia, mkaguzi akarejea.

Alikula amesimama. Alitafuna sana. Wali ulikuwa umeshikana juu na mgumu chini, na hauna chumvi hata kidogo.

"Huu," Bwana Clifford akasema akirudisha sahani, "hakuna mama aliyeugusa. Tutaonana Nyeri."

Watoto wakapiga kelele, wakarukiana. Kwenye mkeka akina mama walishaanza kuuliza Nyeri kuna baridi kiasi gani, na kama basi litakuwa na nafasi za wazazi. Johari hakuwajibu. Sumeya alikuwa anakuja na sahani, amejaa masizi mpaka masikioni, akasimama upande wake wa kamba, akampa.

"Kula, Mwalimu."

Johari alikula wote, mgumu na laini, hakubakisha punje, na hakusema umekosa chumvi.